Kamera Ikae Upande wa Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye *Muhogo Mchungu*, filamu ya 1952 iliyochezwa na Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sura zilikuwa zetu na Kiswahili kilikuwa chetu, lakini walioamua nini kisemwe walikuwa kampuni ya Afrika Kusini na serikali ya kikoloni. Kuigiza ni jambo moja, kumiliki hadithi ni jambo jingine.

Kwa Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi 2012, tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange, ikulu ya Omukama (mfalme) Rumanyika. Katika kitabu chake cha 1863, Speke anasimulia alivyompima shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa kama desturi ya ikulu ilivyotaka, akaandika unene wa mkono wake, kifua na paja. Vipimo vimesomwa duniani kote, lakini mwanamke mwenyewe hatujui aliwaza nini.

Sasa tuseme tukio hilo linapigwa filamu. Mgeni ataiweka kamera nyuma ya bega la Speke, maana kitabu ndicho alicho nacho. Mnyambo anaweza kuiweka ndani, alikoketi mama yule, tumwone mzungu akiinama mlangoni na kamba ya kupimia mkononi, na tuwasikie wanawake wa nyumba wakimjadili kwa Kinyambo ambacho yeye hakielewi. Mavazi na nyumba ni zile zile, ila anayestaajabiwa amebadilika.

Hili si ndoto. Wainuiti wa Igloolik, kaskazini mwa Kanada, waliikataa televisheni kwa kura mara mbili, 1975 na 1979, kwa sababu haikuwa na vipindi vya lugha yao. Mwaka 2001 mwenzao Zacharias Kunuk alitoa *Atanarjuat*, simulizi ya mababu iliyochezwa na wenyeji kwa lugha yao, ikashinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji huko Cannes. Kijiji chenyewe hakifikii hata ukubwa wa kata zetu nyingi.

Nasi tuna mfano wa karibu: Josiah Kibira, mwana wa Kagera aliyehamia Minnesota, Marekani, alitoa *Bongoland* mwaka 2003 kuhusu maisha ya Mtanzania ughaibuni. Alisimulia aliyoyajua.

Ndiyo maana nashikilia kwamba filamu ya Bweranyange izungumzwe Kinyambo, na maandishi ya Kiswahili yapite chini kwa ajili ya Watanzania wengine. Wazee wanaojua taratibu za ikulu wakae na mwandishi tangu ukurasa wa kwanza, si kuitwa siku ya mwisho kukagua mavazi.

Wiki ijayo: kibali cha Bodi ya Filamu, gharama, na nani awe mwenye hatimiliki.