Mstari Mmoja kwa Ajili ya Wenye Njaa

Askari aliyepata kukaa porini majuma kadhaa kwa ugali na maharage makavu anaujua utamu wa mchicha wa kwanza arejeapo kambini. Tumbo lilishiba siku zote, lakini mwili ulikuwa na njaa nyingine.

Njaa hiyo ya pili huzisumbua hata benki za chakula. Benki ya kwanza ya namna hiyo ilianzishwa na John van Hengel mwaka 1967 mjini Phoenix, Marekani. Mama mmoja, aliyewalisha wanawe vyakula vilivyotupwa na duka, alimwambia kuwa yafaa pawepo mahali pa kuweka chakula kama fedha zinavyowekwa benki, ili mwenye shida apate kuchukua. Lakini fedha haziozi, mboga huoza. Ndiyo sababu ghala hujaa makopo na nafaka, mboga mbichi zikakosekana.

Mwaka 1995 Jeff Lowenfels, mwandishi wa makala za bustani katika gazeti la mji wa Anchorage, Alaska, aliwaomba wasomaji wake jambo dogo: kila mmoja apande mstari mmoja wa mboga kwa ajili ya jiko lililowalisha maskini mjini humo. Kiangazi cha huko ni kifupi mno, ingawa mwezi Juni jua huangaza kiasi cha saa 19 kwa siku. Hata hivyo waliitikia, na chama cha waandishi wa bustani kikaueneza wito huo kote Marekani.

Tuzingatie hapa: mstari ule ulitengwa siku ya kupanda, si siku ya kuvuna. Mabaki ni bahati. Mstari uliotengwa ni ahadi.

Aidha, ahadi hudai utaratibu. Kwanza waulizwe wapishi wanahitaji nini na siku gani. Mboga zivunwe alfajiri, zikung'utwe udongo, zikae kivulini na kufikishwa siku ile ile. Kabichi, karoti na maboga huvumilia safari kuliko mchicha.

Ndugu askari na polisi, penye kipande cha ardhi kambini, mikono yenye nguvu haikosekani. Nje ya lango wamo wazee, wajane na mayatima tulioapa kuwalinda. Njaa yao haipigwi kwa risasi. Msimu huu, kabla mbegu hazijaingia ardhini, tutenge mstari wao.