Taasisi za utafiti wa sera: nani anazilipa, na nani anazisikiliza?

Huenda wewe au jirani yako mmewahi kupigiwa simu na mtu anayeuliza maswali: mnapata wapi maji, mtoto anasoma shule gani, mnamwonaje mbunge wenu. Nchini Tanzania shirika la Twaweza limefanya hivyo kwa miaka mingi kupitia mradi wa Sauti za Wananchi. Mwanzoni liligawa simu na chaja za sola kwa kaya zilizochaguliwa, ili hata asiye na umeme aweze kuhojiwa.

Majibu hayo huwa ripoti, na ripoti hupelekwa kwa viongozi, wabunge na vyombo vya habari. Hiyo ndiyo kazi ya taasisi za utafiti wa sera. Haziongozi nchi wala hazitungi sheria. Zinachunguza jambo, kisha zinamwambia mwenye mamlaka limekaaje. Dar es Salaam kuna REPOA na ESRF, zilizoanza miaka ya 1990. Kenya ina KIPPRA, ambayo ni ya serikali, na IEA, ambayo si ya serikali.

Shida ya kwanza ni fedha. Utafiti una gharama: usafiri, mishahara, vocha, uchapaji. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka kwa wafadhili wa nje, na kwa kawaida hutolewa kwa mradi mmoja mmoja. Mfadhili akitaka utafiti wa lishe, utafanyika wa lishe, hata kama wanakijiji wanalia na bei ya mbolea. Mradi ukiisha, mtafiti hodari anatafuta kazi kwingine.

Mwaka 2008 ulianza mpango mkubwa ulioitwa Think Tank Initiative, uliosimamiwa na shirika la IDRC la Canada. Tofauti yake ni kwamba ulitoa fedha za kuendesha taasisi yenyewe, ikajipangia cha kutafiti. REPOA na ESRF zilikuwa miongoni mwa zilizonufaika. Mpango huo ulifungwa mwaka 2019. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Uingereza nayo ikatangaza kupunguza ya kwake.

Mtu atasema, basi serikali ilipe. Inawezekana, ila anayelipwa na serikali huona ugumu kuiambia serikali kwamba imekosea.

Yaliyotokea mwaka 2018 yanaonyesha ugumu huo hata kwa asiyelipwa na serikali. Mwezi Julai, Twaweza ilitoa matokeo kwamba wanaomkubali Rais John Magufuli katika utendaji wake walikuwa asilimia 55, wakati mwaka 2016 walikuwa asilimia 96. Siku chache baadaye COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, iliiandikia barua ikiitaka ieleze kwa nini isichukuliwe hatua, ikidai utafiti haukuwa na kibali. Uhamiaji nao wakashikilia pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, wakisema uraia wake unachunguzwa. Septemba mwaka huohuo Bunge lilibadili Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutoa takwimu za kupotosha au kupinga takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena ili kuondoa kosa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa redio tunaliona kila siku. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, Dar es Salaam au Nairobi, na wasomi waliopita vyuo vilevile. Mfugaji wa Simanjiro anahojiwa, lakini hayupo maswali yanapotungwa, wala matokeo hayamrudii. Kwa maoni yetu hili lingeweza kurekebishwa bila kusubiri mfadhili. Twaweza, kwa mfano, hutoa muhtasari wa matokeo yake kwa Kiswahili pia.

Ukipigiwa simu ya utafiti, una haki ya kuuliza ni taasisi gani, nani amelipia, na matokeo utayapata wapi. Unaweza pia kukataa kujibu. Mtafiti wa kweli hatakuomba namba ya siri wala fedha. Akiomba, kata simu.