Mkataba wa mdomo ulivyomponza mkulima wa Uskoti

MWAKA 1777 mkulima mmoja wa Uskoti, William Burnes, alihamia shamba la Lochlea akiwa na mke na watoto saba. Shamba lilikuwa la ekari 130 na kodi yake pauni moja kwa ekari kwa mwaka. Yeye na mwenye shamba, mfanyabiashara David McLure, walikubaliana kwa mdomo tu. Hapakuwa na karatasi iliyotiwa saini.

Miaka saba baadaye Burnes alifariki akiwa hana kitu, ingawa kesi aliyofunguana na McLure alikuwa ameishinda.

Kisa hiki kinajulikana kwa sababu mmoja wa watoto wake, Robert Burns, alikuja kuwa mshairi mashuhuri kuliko wote nchini humo. Lakini kwa mkulima anayekodi shamba, historia ya familia hii ina somo jingine. Walilima mashamba manne, yote ya watu, na kila moja lina lake la kutufundisha.

Shamba la kwanza

Burnes alikuwa mtunza bustani. Mwaka 1766 alichukua shamba la Mount Oliphant, ekari 70, kwa kodi ya pauni 40 kwa mwaka kwa miaka sita ya kwanza, kisha pauni 45. Mtaji hakuwa nao. Mwenye shamba, ambaye ndiye aliyekuwa mwajiri wake, alimkopesha pauni 100 za kununulia mifugo na zana. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa akidaiwa na mtu yule yule aliyempa ardhi.

Udongo ulikuwa duni. Familia haikuweza kuajiri kibarua, na Robert alipofika miaka 15 tayari alikuwa akifanya kazi ya mtu mzima. Nyama haikuonekana mezani kwa muda mrefu. Mwenye shamba alipofariki, wakala wa mali yake akawa anawaandikia barua za vitisho kudai kodi.

Chokaa kwenye ardhi ya mwingine

Lochlea ilionekana nafuu kwa kuwa kubwa zaidi, lakini ardhi yake ilikuwa na maji mengi na chachu. Ardhi ya namna hiyo huhitaji chokaa na mifereji kabla ya kutoa mazao ya maana, na gharama hizo hurudi polepole, kwa misimu mingi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Nani alipaswa kugharamia chokaa na marekebisho ya shamba? Kodi gani ililipwa na ipi ilibaki? Kwa kuwa hapakuwa na maandishi, kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake. McLure naye alikuwa amebanwa na madeni, likiwamo la benki ya mjini Ayr iliyoanguka mwaka 1772. Mtu anayedaiwa na benki hana subira na mpangaji.

Mwaka 1783 McLure alipata amri ya kushikilia mazao, mifugo na zana za Burnes. Alidai pauni 775. Msuluhishi alipopiga hesabu, aligundua kwamba zaidi ya pauni 500 kati ya hizo ama zilikwishalipwa au zilipaswa kukatwa kwa kazi iliyofanyika shambani. Januari 1784 mahakama kuu mjini Edinburgh ilimpa haki Burnes. Februari 13 mwaka huo huo alifariki, gharama za kesi zikiwa zimemmaliza.

Watoto wake walinusurika kwa ujanja mmoja. Walijiandikisha kama wadai wa mishahara yao kwa kazi waliyofanya katika shamba la baba yao, na kwa njia hiyo wakaokoa kiasi kidogo cha mali.

Vijana na mkataba wa maandishi

Robert na mdogo wake Gilbert walikuwa wameshakodi shamba la Mossgiel, ekari 118 kwa pauni 90. Mwaka wa kwanza walinunua mbegu mbaya, wa pili mavuno yakachelewa. Gilbert alibaki huko hadi mwaka 1798, akisaidiwa na mkopo wa Robert uliotokana na mauzo ya mashairi.

Mwaka 1788 Robert alichukua shamba la Ellisland, ekari 170. Safari hii mkataba uliandikwa: miaka 76, kodi pauni 50 kwa miaka mitatu ya kwanza kisha pauni 70, na mwenye shamba, Patrick Miller, kutoa pauni 300 za kujenga nyumba na kuweka uzio. Udongo ulikuwa umechoka na hakupata faida, hivyo mwaka 1789 akaanza kazi ya ushuru wa serikali iliyomlipa pauni 50 kwa mwaka. Lakini mwaka 1791 Miller alipotaka kuuza ardhi hiyo, waliachana kwa makubaliano, bila kesi wala mali kushikiliwa.

Sheria ilivyofuata

Tangu mwaka 1449 sheria ya Uskoti ilimlazimu mnunuzi wa ardhi kuheshimu mkataba wa mpangaji. Lakini fidia ya chokaa na mbolea aliyoacha mpangaji ardhini ilisubiri hadi sheria ya mwaka 1883, karibu miaka 100 baada ya Burnes kuzikwa. Mwaka 2003 baadhi ya wapangaji wakapewa haki ya kuwa wa kwanza kununua pale mwenye shamba anapouza.

Ndugu mkulima, unapokodi shamba usiishie kuuliza bei ya ekari. Andikeni ni kwa miaka mingapi, kodi italipwa lini, nani atagharamia samadi, mifereji na uzio, na utalipwa nini ukiondoka kabla gharama hizo hazijarudi. Wekeni mashahidi, na kila unapolipa dai stakabadhi. Kama mwenye shamba hataki kuandika, basi panda mazao ya msimu mmoja tu, usizike fedha yako katika udongo wake.