Kenya: Afichaye Mali Hujifunga Mwenyewe

Mwaka 2015 nchi jirani ya Kenya ilitunga sheria mpya ya ufilisi, ikachukua mahali pa ile ya zamani, Sura ya 53, iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni. Shabaha ya sheria hiyo si kumkomoa mdaiwa. Ni kumpa njia ya kutoka katika deni asiloweza kulilipa, na papo hapo kuwahakikishia wadai kwamba kilichopo kitagawanywa kwa haki.

Mapatano yenyewe ni wazi. Mahakama ikimtangaza mtu kuwa muflisi, mali yake hutoka mikononi mwake na kuwekwa chini ya msimamizi. Yeye hutakiwa kutoa taarifa kamili ya mali, madeni na mapato yake. Huachiwa vitu vya lazima, kama vyombo vya nyumbani na zana za kazi. Miaka 3 baada ya kutoa taarifa hiyo, asipopingwa, huwa huru, na sehemu kubwa ya madeni yake hufutika. Nguzo ya mapatano haya ni ukweli. Afichaye kiwanja au gari huing'oa nguzo hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Mfano ni mwenye duka aliyezidiwa na mkopo wa benki. Anapoona mambo yanaharibika, anaandikisha kiwanja kwa jina la ndugu yake, na gari "analiuza" kwa shemeji kwa bei isiyolipwa. Anadhani ameokoa kitu. Lakini sheria haitazami siku ya kufilisika peke yake; hutazama pia nyuma. Zawadi iliyotolewa ndani ya miaka 2 kabla ya kufilisika yaweza kutanguliwa, na mali ikarudishwa kwa ajili ya wadai. Msimamizi ana uwezo wa kumwita muflisi, mkewe na wengine wanaohusika na mali hiyo, wahojiwe na watoe vitabu. Ardhi ina hati, gari lina kadi, na fedha za benki na za simu huacha nyayo. Ndugu aliyepokea kiwanja kwa kudhani anasaidia hukipoteza, kisha hubaki na maswali ya kujibu.

Kushindwa kulipa deni kwa bahati mbaya si jinai. Kuficha mali ili kuwadhulumu wadai ni jinai, na yaweza kumfikisha mtu gerezani. Tena, udanganyifu huwapa wadai sababu ya kupinga asiachiliwe, na deni lililopatikana kwa hila halifutiki hata baada ya kuachiliwa. Muda wote huo hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge, kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Hivyo aliyetaka kuokoa kiwanja kimoja aweza kukosa kiwanja, uhuru na nafuu aliyoitafuta.

Jambo hili haliishii Namanga wala Sirari. Tanzania nayo ina Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na msingi wake ni huo huo: muflisi hana budi kuonyesha mali yake yote. Wala kuvusha gari au ng'ombe mpakani hakuwafanyi wawe mali ya mtu mwingine. Polisi wa zamu mpakani yafaa akumbuke hivyo anapoona mali inayohama kwa haraka, na mwenyewe hataki kuonekana.

Kwa askari liko jambo la karibu zaidi. Wengi hukopa katika vyama vya akiba na mikopo, na hudhaminiana. Mkopaji akifilisika, yeye aweza kuachiliwa. Mdhamini wake haachiliwi. Kila shilingi iliyofichwa ambayo ingelipa deni, huja kudaiwa katika mshahara wa mwenzake wa kikosi kimoja. Ndiyo maana kuficha mali si ujanja dhidi ya benki tu, bali ni kumwibia aliyetia sahihi kwa uaminifu.

Mwenye kuelemewa na madeni yampasa asihamishe kitu chochote, aorodheshe mali yote, ndogo na kubwa, na amwone mwanasheria mapema, kabla wadai hawajafika mahakamani. Aibu ya kufilisika ina mwisho wake katika sheria. Uongo wa kiapo hauna mwisho huo, kwani njia ya mwongo ni fupi.