Kupanga Msimbo ni Kazi Moja, Kurekebisha ni Nyingine

Mtu wa Kisesa anayefungua Google Meet kwenye Chrome ili aonane na nduguye aliye Dar es Salaam anatumia WebRTC, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Ni programu huria ambayo Google iliiweka wazi kwa umma mwaka 2011. Huikata sauti ya mtu huyo vipande vya milisekunde chache na kuvisafirisha. Vingine huchelewa, vingine hupotea. Programu iliyo upande wa pili huvipanga upya na kuziba mapengo, bila muda wa kusubiri: ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hushauri sauti ifike ndani ya milisekunde 150 hivi ili mazungumzo yasivurugike.

Msimbo wa WebRTC, ulioandikwa zaidi kwa lugha ya C++, umepita mikono mingi. Huyu huanza mstari kwa nafasi mbili, yule kwa nne. Kompyuta haijali nafasi hizo. Anayedanganyika ni msomaji. Kwa mfano, Februari 2014 Apple ililazimika kuziba kosa katika msimbo wa usalama wa iPhone. Mstari mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili, na ule wa pili ukasogezwa ndani kana kwamba uko chini ya sharti lililoutangulia. Kumbe haukuwa na sharti lolote: ulitekelezwa kila mara, na ukaguzi uliofuata ukarukwa. Programu ya kupanga msimbo ingeurudisha mstari huo nje, mahali ambapo jicho lingeushuku.

Juni 2018 wasimamizi wa WebRTC waliamua kuupanga msimbo wao wote kwa programu ya aina hiyo, clang-format. Kazi hiyo waliiingiza peke yake, bila kuichanganya na marekebisho mengine, na sababu ni mbili. Kwanza, rekebisho moja la maana likifichwa kati ya maelfu ya mistari iliyosogezwa tu, mkaguzi hataliona. Pili, Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, hukumbuka kila mstari uliguswa na nani, lini na kwa nini. Baada ya upangaji wa jumla, ukiuliza asili ya mstari unajibiwa kwamba ulitokana na upangaji, na sababu ya kweli inafunikwa. Ndiyo maana waliwashauri wenzao watumie git-hyper-blame, zana inayoyaruka mabadiliko ya aina hiyo. Git yenyewe ilipata uwezo huo katika toleo la 2.23, Agosti 2019.

Kijana wa Mwanza anayetaka kuchangia mradi kama huu na apange mistari aliyoigusa tu. Katika WebRTC, amri ya git cl format hufanya hivyo. Faili zima likimkera, alipange katika ombi tofauti la mabadiliko. Mkaguzi akiletewa mistari 6 iliyobadilika ataisoma yote. Akiletewa 600, ataipitisha kwa kumwamini aliyeileta.