Mvumo Nyuma ya Kisomo

Baada ya sala ya alasiri nilikuwa mgeni katika nyumba moja huko Moding, upande wa Malaba. Mama mwenye nyumba aliwasha risiva iliyounganishwa na king'amuzi cha dishi ili tusikilize Qur'ani. Kisomo kilikuja, lakini nyuma yake palikuwa na mvumo mzito kama wa nyuki mzingani. Kila msomaji alipoteremsha sauti, mvumo ulimeza ghunna yake na mwisho wa aya.

"Maalim, mashine hii ni mbovu," akasema. "Hata namba yake ni ya kutoa. Naongeza, naongeza, bado ni kutoa thelathini na tano!"

Wengi hudhani hivyo. Namba ile haipimi sauti iliyomo chumbani. Katika risiva nyingi sifuri ni kiwango cha juu kilichowekwa na mtengenezaji kuwa kipimo, na namba ya kutoa hueleza tuko chini yake kwa desibeli ngapi. Na desibeli hazihesabiwi kama maembe sokoni: ukitoka -40 hadi -30, nguvu iendayo kwenye spika imezidi mara kumi, ingawa sikio huona kama sauti imeongezeka maradufu tu.

Nikateremsha sauti ya risiva hadi mwisho, mvumo ukatoweka. Hiyo ni dalili kubwa. Mvumo usiobadilika unapogeuza kitufe umo ndani ya mashine yenyewe, na hapo ni kazi ya fundi. Unaopanda na kushuka pamoja na kisomo umeingia kabla, kwa chombo kingine au kwa waya. Tukatazama king'amuzi: watoto walikuwa wameshusha sauti yake karibu na mwisho. Risiva ilikuwa ikipokea kisomo dhaifu, ikikikuza pamoja na uchafu wote wa njiani. Tulipopandisha king'amuzi na kushusha risiva hadi -45, kisomo kilibaki palepale na mvumo ukapungua sana.

Uliosalia ulikuwa wa umeme, ambao kwetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Vyombo viwili vilichomekwa kwenye soketi za kuta mbili. Tukavihamishia kwenye ekstensheni moja. Wapo wanaokata mguu wa waya wa ardhi kwenye plagi ili mvumo unyamaze. Hapana, hata kidogo! Mguu ule hulinda roho za watu. (Ama ile "ti-ti-ti" ya ghafla, mara nyingi ni simu iliyolazwa juu ya risiva.)

Jambo moja lilinitia hofu kuliko mvumo: mjukuu wa miaka minne alikuwa akikaa mbele kabisa ya spika kila jioni, na sauti ikipandishwa ili ishinde kelele. Shirika la Afya Duniani limeweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kwa mtu mzima, sauti ikifika 90 muda huo hushuka hadi saa nne.

Tukalisogeza jamvi la mtoto hadi upande wa mlango. Mama akarudi kukaa, akainamisha kichwa. "Kumbe msomaji huyu hupumua," akasema.