Taa ya upepo wa tairi isiyozimika ina maana gani?

TAA ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati inapowaka kwenye dashibodi, madereva wengi hujaza upepo na kuendelea na safari. Inapokataa kuzimika, huizoea. Hapo ndipo hatari huanzia.

Chimbuko la taa hiyo ni vifo. Mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliondoa barabarani mamilioni ya matairi nchini Marekani, mengi yakiwa ya magari aina ya Ford Explorer, kutokana na ajali zilizohusishwa na vifo vya zaidi ya watu 200. Sheria iliyopitishwa mwaka huo ndiyo iliyofanya mfumo huo kuwa wa lazima nchini humo kwa magari madogo yote mapya, kuanzia mwaka 2007.

Dereva anapaswa kwanza kuangalia taa inavyowaka. Ikiwaka mfululizo, upepo umepungua. Ikimetameta kwa dakika moja hivi baada ya gari kuwashwa, kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu.

Upepo hupimwa matairi yakiwa baridi, gari likiwa limepumzika kwa saa tatu au zaidi. Dereva anayetoka Muleba na kujaza upepo mara afikapo Bukoba mjini, husomewa kipimo cha matairi ya moto. Asubuhi inayofuata, gari likiwa limelala Buhembe, hewa imenywea na taa huwaka tena. Jotoridi likishuka kwa nyuzi 6 za Selsiasi, upepo hupungua takriban paundi 1.

Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kile cha ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kipimo cha kujazia.

Iwapo taa itaendelea kuwaka, vali na ukingo wa rimu vipakwe maji ya sabuni; povu litaonyesha panapovuja. Tairi la akiba nalo lipimwe, kwani katika baadhi ya magari lina sensa yake. Aidha, magari mengine huhitaji mfumo uanzishwe upya kwa kufuata kitabu cha gari.

Kinachobaki ni sensa zenyewe. Betri zake hudumu kati ya miaka 5 na 10, hivyo magari yaliyotumika nje huweza kufika nchini zikiwa zimechoka. Anayenunua sensa mpya ahakikishe inaendana na gari, kwani nyingi za Ulaya hutumia masafa ya megahezi 433, ilhali nyingi za Marekani na Japan hutumia 315. Fundi wa pancha naye aelezwe mapema, kwani sensa nyingi hukaa ndani ya rimu, nyuma ya vali, na huvunjika kwa urahisi tairi linapovuliwa.

Kuifunika taa kwa karatasi si matengenezo. Tairi la paundi 32 lililoshuka hadi 24 huweza kuonekana zima kwa macho, lakini hupata joto kali likiwa na mzigo, na huweza kupasuka katikati ya mteremko.